Boksi la redio ya National: shajara ya kubandua selotepu

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo nimelishusha boksi kutoka juu ya kabati la mama, Mbagala, nikalifunga kwenye kanga na kulileta kwangu. Ni boksi la redio ya National ya betri aliyoinunua marehemu baba alipokuwa karani wa reli Tabora. Redio yenyewe bado inasema vizuri. Kinachokufa ni boksi.

Kabla ya kuligusa nimelipima (upana sentimita 41, kimo 27, kina 14), nimelipiga picha pande zote sita, kisha nimechora daftarini ramani ya kila kipande cha selotepu. Nikishaanza kubandua sitakumbuka kipi kilikuwa juu ya kipi.

Najua kuna watakaouliza kwa nini mtu ahangaike na kadibodi. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda hapa Dar es Salaam, kikitoa betri na redio za National, na kwa familia nyingi redio hizo ndizo zilizowaletea taarifa ya habari na mpira kutoka RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio bado utaziona kwa mafundi. Maboksi yake yaliwashiwa moto, yakalaliwa na kuku wa mayai, yakatandikwa chini ya magodoro. Hili limepona kwa sababu baba alihamishwa mara nne, na kila uhamisho redio ilirudi ndani ya boksi lake. Kila uhamisho nao ukaacha utepe wake.

Nimehesabu aina nne. Chini kabisa, sakafuni, kuna utepe wa karatasi ya kaki wenye gundi ya kulowesha kama ya stempu. Huo ni wa kiwandani. Kuna selotepu nyembamba iliyokuwa inang'aa, sasa ina rangi ya chai ya rangi. Kona mbili zina tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Juu ya yote ipo selotepu pana ya kahawia ya kufungia maboksi, mizunguko miwili kamili, imeandikwa kwa maka peni: REDIO. USIWEKE KITU JUU. Hiyo ni ya mwaka 2014, tulipohamia Mbagala.

Sitaki boksi liwe jipya. Nataka lifunguke na kufungika bila kuchanika, na picha ya redio iliyochapwa upande wa mbele ionekane yote.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeliumiza.

Nilianza upande wa nyuma kwa kuwa hauonekani sana. Nikashika ncha ya selotepu ya kahawia kwa kucha na kuivuta juu, ikiwa baridi, kama mtu anayefungua mzigo uliotoka mkoani. Sentimita mbili za kwanza zilikuja safi. Kisha nikasikia ule mlio wa karatasi inayochunika, na kabla sijasimama, kipande cha urefu wa sentimita 6 na upana wa kidole kilikuwa kimeondoka na utepe, pamoja na nusu ya herufi L mwishoni mwa neno NATIONAL.

Nimekilaza kipande hicho, utepe na ngozi yake, juu ya karatasi ya kuokea keki, ambayo gundi haiishiki. Kitarudi mahali pake.

Jioni nimekaa na jeraha lenyewe na taa ya simu. Kadibodi ya boksi hili si ya mawimbi. Ni karatasi zilizobandikwa moja juu ya nyingine: ndani ni za kijivu, za makaratasi yaliyosagwa upya, na juu kabisa karatasi moja nyeupe nyembamba iliyochapwa rangi. Gundi ya selotepu inashikana na ile nyeupe kwa nguvu kuliko nyeupe inavyoshikana na kijivu. Ukivuta, kinachoachia kwanza ni kiungo kilicho dhaifu, na hapa kiungo dhaifu ni boksi. Kwa hiyo kazi yangu ni kuifanya gundi iwe dhaifu kuliko karatasi. Sivuti tena mpaka nijue namna.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama alikuwa na boksi la vyombo lililofungwa siku ile ile ya kuhama, kwa bunda lile lile la selotepu. Sikuweza kuomba kitu bora zaidi cha kujaribia: gundi ile ile, miaka ile ile, joto lile lile la chumba. Nimelikata pande na kutumia siku nzima.

Kwanza nimeitazama gundi. Baada ya miaka 11 bado ni angavu, haijawa njano, haijakauka. Selotepu za kufungia maboksi huwa za plastiki ya polipropilini, na gundi yake mara nyingi ni ya aina mbili: ya akriliki, ambayo hukaa miaka bila kugeuka rangi, au ya mpira wa kiwandani inayopakwa ikiwa moto, ambayo huzeeka na kuwa njano. Hii inaonyesha tabia zote za akriliki. Ni habari njema kwa rangi ya boksi na habari mbaya kwa mbanduaji, kwa sababu kadiri akriliki inavyokaa ndivyo inavyozama kwenye nyuzi za karatasi.

Muuza duka la vifaa vya ujenzi alinishauri thina. Nimeijaribu. Selotepu iliachia upesi sana, na rangi ya boksi ikaja nayo kwenye pamba. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha ilifanya vivyo hivyo, na ikayeyusha pia pembe ya ile povu nyeupe ngumu iliyokuwa ndani ya boksi. Boksi la redio lina povu kama hiyo, zile kinga mbili za pembeni. Asetoni na thina zimetoka mezani.

Mafuta ya taa yanalainisha gundi, hilo ni kweli na ndiyo sababu watu wengi huyatumia. Lakini yanaacha doa la mafuta ambalo bado lipo ninapoandika, saa sita baadaye, na harufu. Mafuta ya kupikia ni yale yale bila harufu. Kwenye chupa ni sawa. Kwenye kadibodi hapana.

Maji sikuyajaribu juu ya selotepu ya plastiki, hayana pa kupita. Niliyaweka tone moja kwenye karatasi yenyewe kuona litafanya nini: lilipokauka liliacha mstari wa kahawia kuzunguka, kama ramani ya kisiwa.

Niliweka kipande kwenye friza usiku wa jana kwa kuwa nimesikia gundi ikiganda huachia. Labda kwenye aina nyingine. Hii iliachia kwa kurukaruka, ikishika na kukatika, na kila iliposhika ilichukua ngozi. Na hewa yetu ya Aprili ilivyo na unyevu, kadibodi ilipotoka kwenye friza ilitoka jasho ndani ya dakika moja.

Vilivyobaki mezani ni viwili: draya ya kukaushia nywele, na nafta, yale mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya utambi, yanayouzwa kwenye kikopo chenye mdomo mwembamba. Nafta inazama, karatasi inakuwa kama ya kuonea ndani, unaogopa. Baada ya dakika chache imeruka yote na karatasi imerudi ilivyokuwa, bila mstari. Haikugusa wino wa kuchapwa. Ina hatari yake: mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo nimejiwekea sheria kwamba draya na nafta havikai chumba kimoja kwa wakati mmoja. Siku ya nafta madirisha yako wazi, jiko limezimwa, na pamba zilizotumika zinaingia kwenye kopo la maji nje.

Draya nayo imenifundisha mambo matatu, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Joto: kiwango cha chini kabisa, umbali wa shibiri moja, mpaka utepe uwe na joto ninaloweza kulivumilia kwa mgongo wa kiganja. Ukizidisha, plastiki inajikunja na gundi inakuwa kamasi inayobaki boksini. Kasi: polepole sana. Ukivuta haraka, gundi inakuwa ngumu kama kamba iliyokazwa na inarudi kuchuna. Ukivuta polepole inapata muda wa kunyooka na kuachia yenyewe. Pembe: usivute kwenda juu. Urudishe utepe juu ya mgongo wake, ulale karibu sambamba na boksi, ili nguvu ikae kwenye mkunjo mwembamba na isiinue karatasi.

Nilifanya sentimita 30 namna hiyo bila kuchuna hata unywele.

Jumapili, 13 Aprili

Mama amekuja kuona. Nilimweleza mpango wangu: selotepu ya kahawia nikishaibandua naitupa, isipokuwa picha yake ninayo.

Akasema, "Na maandishi je?"

Nikamwambia, "Mama, nitakuandikia kadi nyingine."

"Mwanangu, mimi sijaandika hapo. Hiyo ni hati ya baba yako. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaandika, ndipo kijana wa mkokoteni akachukua."

Miaka yote nimedhani ni yake. Baba aliandika herufi kubwa kwa sababu ya kazi, kwenye hati za mizigo ya reli, na mama alijifunza kuandika kwa kumwangalia. Herufi zao zinafanana.

Mpango umebadilika. Kipande chenye maandishi, urefu wa sentimita 34, kinatoka kizima na kinabaki.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sikukuu, nyumba tulivu, umeme haukukatika. Nimefanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, na mapumziko ya swala na chakula.

Kabla ya kupasha joto nimekata utepe kwenye kila mwanya ambapo vifuniko vinakutana. Utepe unaovuka mwanya ukiuvuta unaondoka na ukingo wa kifuniko. Lakini sikati moja kwa moja juu ya boksi: naingiza kwanza kipande chembamba cha plastiki chini ya mwanya, halafu napitisha wembe juu yake.

Mwendo nilioupata ni sentimita moja kwa hesabu ya kumi. Draya mkono wa kushoto, mkono wa kulia unarudisha utepe nyuma, na macho hayatoki kwenye mstari ule ambapo gundi inaachia. Mstari ukiwa mnyoofu na una nyuzi fupi za gundi zinazonyooka, endelea. Ukiona nukta nyeupe, hizo ni nyuzi za karatasi zinaanza kuinuka. Simama, laza utepe tena, pasha joto, jaribu kutoka upande wa pili. Mara saba nimelazimika kusimama. Mara mbili upande wa pili ulikataa pia, nikatumia uzi wa meno: unauingiza kati ya utepe na boksi na kuusogeza huku na huku kama msumeno, sambamba kabisa na karatasi, gundi ikiwa na joto. Unakata gundi bila kukata karatasi.

Kipande cha maandishi nilikiacha mpaka mwisho, mikono ilipokuwa imeshazoea. Wino wa maka peni huyeyuka kwa spiriti na kwa vimiminika vingi, kwa hiyo hapo nimetumia joto peke yake, na nimelielekeza ubavuni, kwenye mkunjo. Nilipofika neno KITU mvua ilianza kupiga bati nami sikuinua kichwa. Kimetoka kizima dakika 50 baadaye. Nimekilaza kwenye karatasi ya kuokea keki, gundi chini, kikiwa kimenyooka.

Chini yake kadibodi ni nyeupe kuliko pande nyingine. Miaka 11 ya mwanga na moshi haikufika pale.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya nafta. Gundi iliyobaki ni utando wenye kunata, mwingi zaidi sehemu nilizokuwa na haraka ya kupumzika. Matone mawili kwenye pamba ya masikio, nagusa, nasubiri kuhesabu hamsini, gundi inavimba na kuwa kama ute mzito, kisha naiviringisha kwa kipande cha mpira wa kreipu. Huo nimepewa na fundi viatu wa jirani: ni mabaki ya soli ya njano, mpira wa asili usio na kitu kingine. Unashika gundi na kuiacha karatasi. Raba ya shule inasugua mpaka rangi inatoka. Kreipu unaigusisha na kuinua.

Imechukua saa nne kwa upande wa mbele na ubavu mmoja. Nimepata maumivu ya kichwa, nikatoka nje nusu saa. Upande wa pili utasubiri kesho.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Tepu ya wapaka rangi kwenye kona mbili. Karatasi yake ilikuwa imekauka ikavunjika kama ganda la kitunguu, na gundi yake imekuwa gamba gumu la kahawia. Joto halikusaidia kitu. Nafta, subira, ncha butu ya kijiti cha mwanzi. Imekwisha, na imeacha kivuli hafifu cha njano ambacho sitakigusa.

Alhamisi, 1 Mei

Sasa kifuniko kinafunguka mpaka mwisho, na ndani yake kuna kitu nilichokiona kwenye ramani yangu kama "selotepu ya zamani + karatasi". Ni risiti ya kununulia redio, imebandikwa kwa vipande vinne vya selotepu.

Nilimpigia mama. Akaniambia hapohapo: "Hiyo ni ya mwaka wa wahujumu." Redio ilinunuliwa RTC Tabora, kampuni ya biashara ya mkoa, dukani, kwa halali, lakini mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, watu walikuwa wakiogopa kukutwa na bidhaa wasizoweza kuzieleza. Wengine walitupa vitu mtoni usiku. Baba alitoa risiti kwenye faili na kuibandika ndani ya kifuniko cha boksi, ili atakayefungua aione kwanza.

Kwa hiyo selotepu hii ina miaka 42, na ni mnyama mwingine kabisa. Neno letu lenyewe limetoka kwa Sellotape, jina la kibiashara la Uingereza lililoanza mwaka 1937. Miaka saba kabla, mwaka 1930, Richard Drew wa kampuni ya 3M kule Minnesota alikuwa ameshatoa utepe wa kwanza wa selofani. Gundi ya tepe hizo za zamani ni mpira wa asili uliochanganywa na utomvu. Hewa inaila. Kwanza inakuwa laini na yenye mafuta, inazama ndani ya karatasi, inageuka njano. Baadaye inakauka kabisa na plastiki inadondoka yenyewe. Vipande vitatu kati ya vinne nilivigusa kwa ncha ya kisu cha siagi vikaanguka. Hakuna cha kubandua. Kilichobaki ni madoa manne ya rangi ya chai, na chini ya mawili kati yake kuna maandishi ya kalamu ya wino wa mpira.

Nimewaza siku nzima. Madoa haya yanaweza kupunguzwa, lakini vimiminika vyenye nguvu ya kuyatoa ndivyo vinavyoyeyusha wino wa kalamu. Tone la nafta kwenye mkia wa tarakimu moja halikusogeza wino, hivyo nimeitumia kutoa ule utando mkavu ulioshika juu ya doa, kwa karatasi ya kunyonya juu na chini, mara moja tu kila sehemu. Madoa yenyewe nimeyaacha. Yanaonyesha vidole vya baba vilipobonyeza.

Kipande cha nne bado kimeshika, kona ya juu kushoto. Kimeshika vizuri, hakivuti, hakidhuru. Kinabaki.

Jumamosi, 10 Mei

Kurudisha ngozi. Kipande cha tarehe 6 Aprili kilikuwa bado kwenye utepe. Nilikigeuza, nikalowesha mgongo wa gundi kwa nafta kwa kuzungushia ukingoni, na baada ya dakika kumi karatasi nyeupe ikateleza kutoka kwenye utepe kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Herufi L nusu ipo.

Gundi ya kukibandikia nimetengeneza mwenyewe. Gundi nyeupe ya dukani ikishakauka haifunguki tena, na mtu atakayekuja baada yangu anaweza kutaka kuifungua. Uji wa unga wa ngano tuliobandikia picha shuleni unageuka njano na unaita mende. Nimekanda donge la unga, nikaliosha ndani ya bakuli la maji mpaka maji yakawa maziwa na mkononi kukabaki ule utelezi wa mpira wa ngano; mpira huo nimeutupa. Maji yakatuama usiku kucha, wanga mweupe ukakaa chini. Ni ile ile kazi ya kutengeneza kanji ya nguo. Nimeupika kwa moto mdogo, nikauchuja kwenye kitambaa mara mbili, ukawa kama krimu.

Safu nyembamba sana, kwa brashi kavu nusu, kwa sababu kanji ina maji na maji nimeshaona yanavyofanya. Nimelaza kipande, nikapangilia nyuzi kwa sindano mpaka mstari wa bluu ukakutana na mwenzake, karatasi ya kuokea keki juu, kitambaa, kioo, na matofali mawili kwa usiku mmoja.

Jumapili, 11 Mei

Imeshika. Ukiinamisha boksi kwenye mwanga unaona mshono; ukiliangalia uso kwa uso unasoma NATIONAL.

Utepe wa kaki wa kiwandani sikuugusa kabisa. Umeshika sakafu ya boksi tangu siku lilipofungwa na hauna kosa.

Kipande cha maandishi ya baba kimeingia kwenye mfuko wa plastiki angavu, bado juu ya karatasi yake, na mfuko umelazwa ndani ya boksi, juu ya povu. Boksi sasa linafungwa kwa utepe wa kitambaa cha pamba, upana wa sentimita mbili, fundo la kufungua kwa mkono mmoja. Alasiri nimelipeleka Mbagala na redio ndani yake. Mama amepangua rafu ya katikati ya kabati, akatoa shuka, akaliweka hapo. Juu yake hakuweka kitu.